Robert Koch na Picha za Viumbe Wasioonekana

Katika sura iliyopita tulijifunza sehemu za hadubini na namna ya kuitumia. Katika sura hii tutasoma maisha ya daktari mmoja aliyeunganisha hadubini na kamera, akawaonyesha watu viumbe ambao jicho peke yake haliwezi kuwaona. Daktari huyo aliitwa Robert Koch. Alizaliwa mbali na nchi yetu, lakini baadhi ya kazi zake alizifanya hapa kwetu. Magonjwa aliyoyachunguza ni yale yale ambayo yamewasumbua kwa muda mrefu wakazi wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika.

1. Maji ya Ziwa Tanganyika

Wavuvi wa Kigoma na Ujiji huvua dagaa usiku kwa taa. Alfajiri hurudi ufukoni, na samaki hao wadogo huanikwa juani. Mtu akisimama hapo wakati huo, akateka maji ya ziwa katika bilauri, huyaona kuwa maangavu. Huweza kuiinua bilauri kuelekea kwenye mwanga asione kitu chochote ndani yake.

Hata hivyo, ndani ya maji hayo wamo viumbe hai wengi. Imo mimea midogo sana inayoelea, na wamo wanyama wadogo wanaoila mimea hiyo. Dagaa huwala wanyama hao, na migebuka huwala dagaa. Kwa hiyo dagaa na migebuka wanaouzwa sokoni hutegemea viumbe ambao hata mvuvi mwenyewe hawaoni.

Lakini baadhi ya viumbe wasioonekana huleta maradhi. Mwezi wa Mei mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ukingoni mwa ziwa. Kijiji kilikuwa kidogo na vyoo havikutosha. Watu walikunywa maji ya ziwa. Muda si muda kipindupindu kilizuka. Maelfu ya watu waliugua, na wapatao 30 walikufa. Meli ya Liemba ilisaidia kuwahamisha wakimbizi hadi mjini Kigoma, na waganga na wauguzi walipambana na ugonjwa huo mpaka ukatulizwa.

Waganga hao walijua la kufanya tangu mwanzo. Walijua kwamba kipindupindu huletwa na kiumbe hai; kwamba kiumbe huyo huingia majini pamoja na kinyesi cha mgonjwa; na kwamba maji yakichemshwa au yakitiwa klorini, kiumbe huyo hufa. Miaka 150 kabla ya hapo, hata madaktari wakuu wa dunia hawakuafikiana juu ya mambo hayo. Wengine walisema ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Wengine walisema hutoka ardhini. Ili watu waukubali ukweli, ilibidi kwanza waonyeshwe.

2. Utoto na masomo ya Koch

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, huko Ujerumani. Mji huo uko milimani, na wakati ule wakazi wake wengi walifanya kazi katika migodi. Baba yake naye alikuwa ofisa wa migodi. Wazazi wake walikuwa na watoto wengi. Tangu utotoni Koch alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 alihitimu masomo ya udaktari. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika kwamba huenda magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo sana. Hilo lilikuwa wazo tu. Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha.

Mwaka 1872 Koch alipewa kazi ya udaktari wa wilaya katika mji wa Wollstein, ambao leo uko katika nchi ya Poland. Ili ukumbuke vizuri wakati huo, kumbuka kwamba David Livingstone na Henry Stanley walikutana Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Koch alikuwa kijana wa karibu miaka 28.

Huko Wollstein hakuwa na maabara wala wasaidizi. Mchana aliwatibu wagonjwa. Katika chumba kile kile cha kuwapokelea wagonjwa alitenga sehemu kwa pazia, na nyuma ya pazia hilo aliweka hadubini yake. Husimuliwa kwamba hadubini hiyo alipewa na mkewe, Emmy. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia.

3. Ugonjwa wa kimeta

Kimeta ni ugonjwa unaoua ng'ombe, kondoo na mbuzi, na huweza kumwua binadamu pia. Katika wilaya ya Koch wafugaji wengi walipoteza mifugo yao. Madaktari wengine walikuwa wamekwisha kuona ndani ya damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta vitu vyembamba vyenye umbo la vijiti. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au kama vilitokea tu baada ya mnyama kufa.

Koch alichukua kijiti kidogo cha mti kilichosafishwa, akakichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, kisha akakitumia kumwambukiza panya. Panya akafa. Katika damu yake Koch aliona vijiti vile vile. Akachukua damu ya panya huyo na kumwambukiza panya wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea. Kila mara matokeo yalikuwa yale yale.

Baadaye aliwakuza viumbe hao nje ya mwili wa mnyama, katika majimaji aliyoyatoa kwenye jicho la ng'ombe. Aliwatazama kwa saa nyingi. Aliona vijiti vikirefuka na kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi hizo aliona zikitokea chembe ndogo ngumu. Chembe hizo huweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Ndiyo maana malisho alimozikwa mnyama wa kimeta huweza kuwa na hatari kwa muda mrefu.

Mwaka 1876 Koch alisafiri na hadubini yake hadi mji wa Breslau, akawaonyesha wataalamu wa chuo kikuu majaribio yake yote. Wataalamu hao walitazama wenyewe, wakakubali.

4. Kwa nini mchoro haukutosha

Wakati ule mtu aliyeona kitu katika hadubini aliwaonyesha wenziwe kwa njia ya kuchora. Njia hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Mchoraji huchora kile anachodhani ameona. Mmoja huchora kijiti kilichonyooka, na mwingine, akitazama kiumbe yule yule, huchora kijiti kilichopinda. Mwingine tena huacha jambo ambalo yeye haoni kuwa na maana. Wataalamu waligombana kwa sababu ya michoro, na hapakuwa na njia ya kujua nani aliyesema kweli.

Koch aliona kwamba picha iliyopigwa kwa kamera ingeondoa sehemu kubwa ya ugomvi huo. Kamera haina maoni. Haipendelei wazo la mtu yeyote. Picha moja huweza kutazamwa na watu wengi, katika nchi nyingi, na kila mmoja akaamua mwenyewe. Vilevile picha humbana yule aliyeipiga: kama amekosea, wenziwe wataliona kosa lake.

5. Namna Koch alivyopiga picha za bakteria

Viumbe aliowachunguza Koch huitwa bakteria. Ili kufahamu udogo wao, chukua rula yako utazame urefu wa milimita 1. Fikiri kwamba umeigawa milimita hiyo katika sehemu 1,000 zilizo sawa. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa sehemu 2 hivi kati ya hizo 1,000. Kwa hiyo bakteria wapatao 500 wakipangwa mstari mmoja, mstari wao utakuwa na urefu wa milimita 1 tu.

Kupiga picha ya kiumbe mdogo kiasi hicho kulikuwa na matatizo matatu.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwendo. Bakteria wengi huogelea, na kamera za wakati ule zilihitaji kitu kitulie. Koch alitandaza tone dogo lenye bakteria juu ya kioo chembamba, akaliacha likauke. Bakteria wakashikamana na kioo wakatulia.

Tatizo la pili lilikuwa rangi. Bakteria ni waangavu kama maji, hivyo ni vigumu kuwaona. Koch alitumia rangi za viwandani zilizotumiwa kutia nguo rangi. Bakteria walishika rangi hiyo, wakaonekana wazi.

Tatizo la tatu lilikuwa mwanga. Kitu kinapokuzwa mamia ya mara, mwanga wake hutawanyika na picha huwa na giza. Taa za wakati ule hazikutosha. Koch alitumia mwanga wa jua, akauelekeza ndani ya hadubini kwa kioo. Jua lilipofunikwa na mawingu, kazi ilisimama. Juu ya hadubini aliweka kamera, na ndani ya kamera mlikuwa na bamba la kioo lililopakwa dawa inayobadilika inapopata mwanga. Bamba hilo alilisafisha katika chumba cha giza mpaka picha ikatokea.

Mwaka 1877 Koch alichapisha picha zake pamoja na maelezo kamili ya njia aliyoitumia. Hizo zilikuwa picha za kwanza za bakteria kuchapishwa duniani. Kila daktari aliyekuwa na hadubini na kamera aliweza kuifuata njia hiyo na kujaribu mwenyewe.

Muda mfupi baadaye, kiwanda cha Carl Zeiss kilitengeneza lenzi mpya kwa msaada wa mwanafizikia Ernst Abbe. Lenzi hiyo ilitumiwa pamoja na tone la mafuta. Tumekwisha kujifunza kwamba mwanga hupinda unapotoka katika kioo na kuingia hewani. Mafuta yakijazwa kati ya lenzi na kioo, mwanga haupindi ovyo, na picha huwa safi zaidi. Koch alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia lenzi hiyo. Hata leo, katika maabara za hospitali, mtaalamu hutumia tone la mafuta anapotafuta vijidudu vya malaria katika damu.

6. Kifua kikuu na kipindupindu

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin, akapewa maabara na wasaidizi. Huko alitaka kumkuza kila bakteria peke yake bila kuchanganyika na wengine. Kwanza alitumia vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha akatumia jelatini. Lakini jelatini huyeyuka kwenye joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ndiye aliyeshauri kutumia agari, kitu kinachotengenezwa kwa mwani wa baharini na ambacho alikwisha kukitumia katika upishi. Agari haiyeyuki upesi. Maabara za dunia nzima bado zinaitumia.

Wakati huo kifua kikuu kiliua watu wengi sana. Koch alikadiria kwamba kati ya kila watu 7 waliokufa, 1 aliuawa na ugonjwa huo. Baada ya majaribio mengi alipata njia ya kuwatia rangi bakteria wake, ambao ni wagumu kushika rangi. Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Hakutegemea maneno yake tu. Alipanga hadubini mezani pamoja na vioo vyenye bakteria, ili wasikilizaji watazame wenyewe. Ndiyo maana tarehe 24 Machi kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, na Koch alikwenda huko. Wanasayansi kutoka Ufaransa nao walikwenda. Mmoja wao, kijana Louis Thuillier, aliambukizwa akafa mjini Alexandria. Koch aliendelea na safari hadi mji wa Calcutta, huko India. Mwaka 1884 alitangaza kwamba katika matumbo ya wagonjwa wa kipindupindu amemkuta bakteria aliyepinda kama alama ya mkato, na kwamba bakteria huyo huyo amemkuta katika maji ya bwawa lililotumiwa na watu.

Uthibitisho mkubwa ulionekana mwaka 1892. Miji ya Hamburg na Altona ilikuwa jirani, na yote miwili ilichukua maji katika mto Elbe. Mji wa Altona ulichuja maji yake kwa mchanga kabla ya kuwapa watu. Mji wa Hamburg haukuchuja. Kipindupindu kilipofika, zaidi ya watu 8,000 walikufa Hamburg. Altona, ng'ambo tu ya mpaka, waliokufa walikuwa wachache sana.

7. Dawa ya siri

Mwanasayansi mkubwa huweza kukosea, na kosa la Koch lina funzo kwetu.

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Safari hii hakuieleza dawa yenyewe. Aliificha kama siri. Kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, watu walimwamini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Lakini dawa hiyo haikuponya. Wagonjwa wengine walizidiwa, na wengine walikufa. Mwaka 1891, ilipojulikana jinsi ilivyotengenezwa, madaktari wengine waliweza kuipima, na ikaonekana kwamba haifai kuwa dawa. Baadaye ilipata kazi nyingine: ilitumiwa kupima kama mtu amepata kuambukizwa kifua kikuu. Dawa za kweli za kutibu ugonjwa huo zilipatikana katika miaka ya 1940, Koch alipokuwa amekwisha kufa zamani.

Linganisha mambo haya mawili. Mwaka 1877 Koch alionyesha kila kitu: picha, rangi, lenzi na njia. Wenziwe waliweza kumpima. Mwaka 1890 alificha, wenziwe hawakuweza kumpima, na gharama ililipwa na wagonjwa.

8. Papasi katika njia ya misafara

Koch alifika katika nchi yetu mara ya kwanza mwaka 1897, ilipokuwa chini ya utawala wa kikoloni wa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam na kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Alirudi tena mwaka 1905. Mwaka huo huo Vita vya Maji Maji vilianza, wananchi wakipigana na utawala huo. Serikali ya kikoloni ilitaka afya ya askari na wapagazi wake ilindwe, nayo ilikuwa ikisumbuliwa na homa ya papasi.

Kabla ya reli kujengwa, mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi. Njia kuu ya misafara ilianzia pwani, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Toka Ujiji wasafiri walivuka ziwa kwa mashua hadi Kongo. Njiani wapagazi walilala katika vibanda vile vile walimolala waliotangulia.

Papasi ni kupe asiye na gamba gumu mgongoni. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Mpagazi aliyeumwa na papasi hakuugua siku ile. Homa ilimshika siku kadhaa baadaye, alipokuwa amekwisha kukiacha kibanda kile mbali nyuma yake. Homa ilimwacha, kisha ikamrudia. Kwa hiyo haikuwa rahisi kujua ni wapi alikoipata.

Mwaka 1904 madaktari waliokuwa Uganda walionyesha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hiyo. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, katika Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton na mwenzake John Todd walifanya kazi kama hiyo. Wote wawili waliambukizwa. Dutton alikufa Kasongo mwezi wa Februari 1905.

Koch naye aliwakusanya papasi kutoka vibanda vya njiani, akawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Ndani yao aliona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi wa skrubu. Kisha alitazama mayai ya papasi, na humo pia akaviona vijidudu hivyo. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia katika mayai. Kwa hiyo kibanda kilichoachwa bila watu kwa muda mrefu bado huweza kuwa na hatari. Ushauri uliofuata ulikuwa mwepesi: msafiri asilale juu ya sakafu ya udongo katika kibanda cha zamani, bali alale mbali nacho, au juu ya kitanda kilichoinuliwa.

Ni vizuri tujue tofauti iliyopo hapa. Papasi mwenyewe huonekana kwa jicho, kwa kuwa aliyekomaa hufikia karibu sentimita 1. Ili kumpiga picha, hadubini haihitajiwi. Hutosha kamera yenye lenzi maalumu ya kupigia vitu vidogo vilivyo karibu sana. Picha hiyo huonyesha miguu yake 8 na ngozi yake yenye mikunjo. Lakini kijidudu anayemchukua ndani yake haonekani ila kwa hadubini.

9. Malale katika mwambao wa maziwa

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa kifua kikuu. Mwaka uliofuata alikuja tena, safari hii kuchunguza malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Malale yalikuwa yameua watu wengi mno kando ya Ziwa Viktoria, na mwambao wa Ziwa Tanganyika nao ulipatwa. Koch alikaa katika visiwa vya Sese, huko Uganda, mpaka mwaka 1907.

Huko aliwatibu wagonjwa wengi kwa dawa iliyokuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wengi walionekana kupata nafuu. Dawa ilipoongezwa, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka, na ugonjwa wenyewe uliwarudia wengi. Serikali za kikoloni hazikuwa na desturi ya kumwuliza mgonjwa kama anakubali kujaribiwa dawa. Baadaye kambi za wagonjwa wa malale zilijengwa pia katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na watu wengine waliondolewa katika vijiji vyao vya pwani, wakaacha mashamba na sehemu zao za kuvulia.

Siku hizi sheria na desturi za utabibu zinadai kwamba mgonjwa aelezwe dawa ni ya namna gani na ina hatari gani, kisha akubali au akatae kwa hiari yake. Desturi hiyo haikupatikana bure. Watu wa maziwa yetu ni miongoni mwa waliolipa.

10. Mwisho wa maisha yake

Robert Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Miaka minne baadaye, mwaka 1914, reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na njia ya zamani ya wapagazi ikaanza kusahauliwa. Papasi hawakutoweka, wala kipindupindu hakikutoweka. Lakini tunawajua maadui hao kwa umbo na kwa makao yao, na kwa hiyo tunaweza kujikinga nao.

Waganga waliofika Kagunga mwaka 2015 hawakuwa na haja ya kubishana juu ya hewa mbaya. Walitibu maji, wakachimba vyoo, wakawapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Ujuzi huo ulitokana na kazi ya watu wengi, na miongoni mwao alikuwamo yule daktari wa wilaya aliyesubiri mawingu yaondoke ili apige picha nyuma ya pazia lake.

Mambo ya kukumbuka

(a) Bakteria ni viumbe hai wadogo sana. Huonekana kwa hadubini tu.
(b) Si bakteria wote wanaoleta magonjwa.
(c) Picha iliyopigwa kwa hadubini huwawezesha watu wengi kuchunguza na kupima jambo lile lile.
(d) Maji maangavu si lazima yawe maji salama. Yachemshe kabla ya kuyanywa.
(e) Ukidai jambo katika sayansi, onyesha njia yako ili wengine wajaribu.

Kazi ya kufanya

1. Weka kipande cha nailoni angavu juu ya gazeti. Dondosha tone moja la maji juu yake. Tazama herufi zilizo chini ya tone. Zimekuwaje? Tone hilo limefanya kazi ya kifaa gani?

2. Mwalimu aweke mdudu mmoja aliyekufa, kwa mfano nzi au chungu, juu ya karatasi nyeupe. Wanafunzi watano wamtazame mmoja mmoja na kumchora bila kuonyeshana. Kisha linganisheni michoro yote. Ni jambo gani wote wamelichora sawa? Ni jambo gani wamelichora mbalimbali? Mtazameni mdudu tena, mwamue mchoro upi ni wa kweli zaidi. Mmejifunza nini juu ya sababu iliyomfanya Koch atumie kamera?

Maswali

1. Robert Koch alizaliwa mwaka gani na wapi?
2. Eleza jinsi Koch alivyoonyesha kwamba vijiti katika damu ndivyo vilivyoleta kimeta.
3. Taja matatizo matatu ya kupiga picha za bakteria, na ueleze jinsi Koch alivyoyatatua.
4. Ikiwa bakteria mmoja ana urefu wa sehemu 2 kati ya 1,000 za milimita, bakteria wangapi watajipanga katika urefu wa sentimita 1?
5. Kwa nini watu wa Altona hawakupatwa na kipindupindu kama watu wa Hamburg, na hali walitumia mto mmoja?
6. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa mpagazi aliyekwenda Ujiji kujua ni wapi alikopata homa ya papasi?
7. Kuna tofauti gani kati ya jinsi Koch alivyotangaza picha zake mwaka 1877 na jinsi alivyotangaza dawa yake mwaka 1890? Ni nani waliopata hasara?
8. Jirani yako hunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha kwa sababu ni maangavu. Utamweleza nini?